Jinsi ya kumtunza mbwa na paka kama amana ya Mungu, hapa Dodoma

Nyumba nyingi za Dodoma zina mbwa getini na paka jikoni, na nyumba hizohizo zina Biblia au msahafu mezani. Mambo hayo mawili hayakutanishwi mara nyingi. Jumapili asubuhi mbwa anafungwa mnyororo mfupi, familia nzima inakwenda ibadani, inarudi saa tisa alasiri na kukuta sufuria la maji limepinduka tangu asubuhi. Hakuna aliyekusudia ukatili. Lakini aliyefuga amekabidhiwa kiumbe kisichoweza kuomba, kubisha hodi kwa jirani wala kwenda kisimani, na imani yake inaonekana kwenye lile sufuria kabla ya kuonekana kwingine.

Maandiko yenyewe hayazungumzii upendo wa jumlajumla. Mithali 12:10 inasema mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake. Kutoka 23:12 inaitoa siku ya saba ili ng'ombe na punda nao wapumzike. Katika Hadithi za Mtume (S.A.W.) yumo mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie wadudu wa ardhini. Yumo pia mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Ukiyatazama yote, yanahusu maji, chakula, kamba na mapumziko. Mwongozo huu unafuata njia hiyohiyo, kwa hali ya hewa na bei ya mfuko wa hapa kwetu.

MAJI

Tunaanza na maji kwa sababu Dodoma ni nchi ya ukame. Mvua inakatika Aprili au Mei na kurudi mwishoni mwa Novemba au Desemba. Kati ya hapo kuna vumbi, upepo, na joto la Oktoba na Novemba ambalo bati linalizidisha.

Mbwa anahitaji kiasi cha mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mbwa wetu wa kawaida ana kilo 18 hadi 22, kwa hiyo kadiria lita moja hadi lita moja na robo siku za ubaridi wa Juni na Julai. Oktoba zidisha mara mbili. Jike anayenyonyesha mpe bila kupima. Paka wa kilo nne anahitaji kama robo lita, ila akila chakula chenye mchuzi utamwona anakunywa kidogo tu. Hiyo ni kawaida yake.

Chombo kiwe kizito. Kopo la rangi lililokatwa hupinduka, na kingo zake humkata mdomo. Beseni la plastiki likikaa juani maji yanakuwa ya moto, mbwa anayanusa na kuyaacha. Chungu kipana cha udongo kinafaa kuliko vyote: hakipinduki kirahisi na kinapoza maji. Kichimbie chini kiasi cha vidole vitatu, chini ya mwarobaini au upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana. Kama mbwa anafungwa, weka vyombo viwili, kimoja mahali ambapo mnyororo hauwezi kukizoa. Kisugue kila asubuhi kwa majivu au mchanga ili ule utelezi wa kijani usijenge. Kumwongezea maji mapya juu ya yale ya jana ni kazi nusu.

Maji ya mgao yanapokata siku mbili tatu, mbwa ndiye wa kwanza kusahauliwa. Tenga dumu moja la lita kumi liwe lake, liandike, na watoto wajue haliguswi. Maji yaliyooshea mchele au mboga, bila sabuni, yanamfaa. Maji ya kufulia hayamfai hata akiyalamba mwenyewe.

Ukimkuta anahema kwa kasi isiyopungua, mate mazito yanamtoka, ufizi mwekundu sana na miguu inayumba, joto limempata. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani na kwenye nyayo, mpepee kwa kipande cha boksi, mpe maji kidogokidogo. Usimfunike kwa kanga mbichi na kumwacha, maana nguo ikishapata joto lake inalizuia lisitoke. Akianguka au kuanza kutetemeka, mkimbize kwa daktari wa mifugo huku mnaendelea kummwagia.

CHAKULA, NA SUALA LA UNGA ULIOHARIBIKA

Kuna mazoea ya mjini na vijijini: mahindi yakipata ukungu, karanga zikioza, unga ukinuka, "apewe mbwa". Hili tunalikataa kabisa. Sumukuvu inayotoka kwenye ukungu wa mahindi na karanga ndiyo iliyoleta vifo vya watu katika maeneo ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Inaua ini. Kuchemsha hakuiondoi, na unga unaweza kuwa nayo bila ukungu kuonekana kwa macho. Dalili ni kukataa chakula, kutapika, macho na ufizi kuwa wa njano, kinyesi cheusi au chenye damu. Zikishaonekana zote, mara nyingi umechelewa. Mahindi yaliyooza yafukie. Mtu anayetoa sadaka iliyo safi madhabahuni halafu akamtupia sumu mlinzi wake hajaelewa neno amana.

Chakula cha kutosha kwa mbwa wa kilo 20 kwa siku moja ni hiki: unga wa dona gramu 200 (kikombe cha robo lita kilichojaa na nusu yake), dagaa wakavu gramu 80 hadi 100, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti, na konzi ya mchicha au majani ya maboga. Unga wa uwele au mtama unafaa vilevile, na misimu mingi hapa Dodoma ni rahisi kuupata; uive tu vizuri. Mlenda anaula bila shida.

Loweka dagaa dakika kumi, wasugue, mwaga maji. Dagaa wa sokoni wana mchanga chini ya gunia, na wengine wametiwa chumvi, hao walowekwe mara mbili. Chemsha dakika kumi na tano katika lita moja ya maji. Tia unga kwenye supu hiyohiyo, songa ugali laini, uache uive dakika ishirini juu ya moto mdogo. Mboga na mafuta vinaingia mwishoni. Usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa kuwa vinaharibu damu ya mbwa na ya paka hata vikiwa vimepikwa, na ndiyo maana mchuzi wa nyumbani si chakula kizuri kama unavyodhaniwa. Ugali huo ugawe mara mbili, asubuhi na jioni. Mtoto wa miezi miwili hadi minne ale mara tatu au nne, kidogokidogo. Jike anayenyonyesha watoto sita hula mara mbili hadi tatu ya kiasi hiki. Ukimwona mbavu zimechomoza wiki ya tatu baada ya kuzaa, ujue hukumwongezea.

Kipimo cha kuwa anashiba ni mkono wako. Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza: mbavu zisikike chini ya ngozi, ila zisihesabike ukiwa umesimama mbali. Ukimtazama kwa juu awe na kiuno.

Ugali mtupu na ukoko, hata kama ni sufuria zima, unamjaza tumbo na kumdhoofisha. Manyoya yanapauka, vidonda haviponi, na anaanza kula vinyesi na takataka kutafuta anachokosa.

Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali vinavyotoboa utumbo. Na hapa kwetu kwenye mbuzi na ng'ombe wengi kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana: mapafu na ini lenye malengelenge ya maji. Hayo ni mafuko ya mnyoo unaomaliza makuzi yake ndani ya mbwa, kisha mayai yake yanatoka na kinyesi na kuingia kwa watoto wanaochezea mchanga. Kwa binadamu mafuko yanaota ndani ya ini au mapafu, na kuyatoa ni upasuaji. Mkichinja, iwe Krismasi, iwe Idd el-Hajj, kagua. Chenye malengelenge kichomwe au kifukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Kisicho nayo kichemshwe nusu saa ndipo apewe.

Paka si mbwa mdogo. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa miezi macho yanapofuka na moyo unapanuka. Kwa hiyo wali na mchuzi havitoshi, na maneno kwamba "paka ajitegemee kwa panya" yanamwacha njaa katika nyumba isiyo na panya. Paka wa kilo nne apate dagaa wakavu gramu 40 hadi 50 kwa siku, waliolowekwa na kuchemshwa, pamoja na vijiko viwili vya ugali au wali na kipande cha ini mara moja kwa wiki. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa.

Jambo moja la ratiba. Kumbukumbu la Torati 11:15 inataja kwanza nyasi za ng'ombe, halafu ndipo mwenye ng'ombe anakula na kushiba. Walimu wa Kiyahudi walichukua hapo desturi ya kumlisha mnyama kabla ya kukaa mezani. Huku kwetu mbwa hula makombo saa nne usiku, kama yapo. Kumpa chakula chake saa kumi na mbili jioni, kabla sinia halijatandikwa, hakugharimu chochote zaidi. Mkabidhi mtoto mmoja kazi hiyo kwa wiki nzima, jina lake liandikwe ukutani. Zamu ya "yeyote atakayekumbuka" haina mtu.

KWARESIMA NA RAMADHANI

Mnyama hafungi. Kwa maneno hilo linajulikana na wote, lakini jiko lisipowashwa mchana na mbwa anategemea makombo ya mchana, umemfungisha bila nia yake. Nyumba ya Kiislamu ipike chakula cha mbwa wa lindo na cha paka wakati wa futari, nusu apewe jioni hiyo na nusu ifunikwe mpaka asubuhi. Usimpe chakula kilicholala kwenye joto kwa muda unaozidi saa kumi na mbili. Wakristo wanaofunga kula hadi jioni wafanye vivyo hivyo. Tena, mfungo unapunguza nguvu na uvumilivu wa mtu. Ndiyo miezi ambayo mbwa hupigwa teke kwa kosa dogo. Angalieni hilo.

Safari za Krismasi na Pasaka ni mtihani mwingine. Kumwachia mbwa sufuria la ugali la siku nne ni kumwachia uvundo wa siku tatu. Mwachie jirani unga na dagaa waliopimwa kwa siku, mwoneshe chombo cha maji, mwachie namba ya afisa mifugo wa kata, na ukirudi usirudi mikono mitupu.

KAMBA NA BANDA

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, kwa hiyo hili lina upande wa serikali pia. Mbwa anayefungwa kutwa kwenye mnyororo wa mita moja anakuwa mkali bila akili: anamvamia mtoto wa nyumbani na kumchangamkia mwizi anayemtupia mfupa. Kama ni lazima kumfunga mchana kwa sababu ya wageni na uzio wa miti, funga waya mgumu kati ya nguzo mbili umbali wa mita sita hadi nane, juu kidogo ya kimo cha mtu, pitisha pete, na mnyororo ushuke kutoka hapo. Atatembea bila kujisokota. Weka kizuizi mita moja kabla ya kila nguzo asiizunguke. Fungua kila usiku, na mchana umtembeze au umfungue uani angalau saa moja.

Ukanda wa shingoni uwe mpana kiasi cha vidole viwili, na vidole viwili vipite kati yake na shingo. Kamba ya katani na nyaya za umeme vinakata ngozi. Mtoto wa mbwa ndiye anayeumia zaidi, maana shingo inakua na mkanda haukui. Kila wiki chomeka vidole upime. Ukishaona manyoya yamenyonyoka na kuna harufu, mkanda umeshaanza kuingia nyamani.

Banda la mbwa wa kilo 20 liwe na urefu wa mita 1.2, upana sentimita 90 na kimo sentimita 90. Sakafu ya mbao iinuliwe sentimita 15 kutoka chini ili maji ya mvua ya Januari yapite chini yake. Mlango usitazame mashariki, upepo wa kiangazi na vumbi lake vinatokea huko zaidi. Kosa kubwa ni bati tupu juu: saa nane mchana ndani hapakaliki, na mbwa atalala kwenye jua la nje ambako angalau kuna upepo. Tandaza nyasi nene juu ya bati, au iga tembe za Wagogo: fito, nyasi, kisha udongo wa kutosha juu. Tembe ilijengwa na watu walioijua nchi hii, na paa lake halipishi joto kama bati.

Kwa Waislamu, kufuga mbwa wa kulinda, kuchunga au shamba kumeruhusiwa katika Hadithi. Kumfuga bila haja ndiko kulikokemewa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi mpe vyombo vyake, banda liwe mbali na mahali pa kuswalia na kamba ya kuanikia nguo, na mwenye kumhudumia awe na nguo za kazi hiyo. Twahara ya nyumba, yaani usafi wake wa kidini, haihitaji mbwa apigwe mawe wala akae na kiu. Paka hana tatizo hilo, katika Hadithi amehesabiwa miongoni mwa wanaozungukazunguka nyumbani.

KUPE, MINYOO NA DAWA ZINAZOUA

Kila Jumamosi, dakika kumi, kagua ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani na chini ya mkia. Kupe mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja taratibu, mtumbukize kwenye kopo la spiriti. Usimpasue kwa kucha, usimchome kwa kijinga cha moto wala kumpaka mafuta ya taa. Ukiona wanarudi kila wiki, wapo bandani: kupe wa mbwa hutaga mayai mamia kwa maelfu kwenye nyufa za ukuta. Ziba nyufa, paka chokaa.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi asilimia 12.5 hutumiwa na wengi kwa mbwa, na wengi huikosea kwa kupima kwa kifuniko. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano: mililita 2 kwa lita moja ya maji, lita nne au tano kwa mbwa mkubwa, vaa glovu, mloweshe mpaka ngozini, epuka macho na mdomo, usimsuuze, mkaushe kivulini, mzuie kujilamba mpaka akauke. Rudia baada ya wiki mbili. Asiwe na kidonda kibichi, asiwe mjamzito, mgonjwa wala mtoto chini ya miezi minne. Akilegea, akipoa mwili na kutapika, dozi imezidi. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke kwa daktari. Paka usimpake dawa hiyo kamwe, wala dawa yoyote ya permethrini. Oili chafu ya gari kwa upele wa mbwa ni sumu inayopita kwenye ngozi, hata kama fundi wa jirani anaapa ilimponyesha wa kwake.

Parasetamoli, hata nusu kidonge, inaua paka. Diklofenaki na ibuprofeni zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Huruma ya saa tano usiku isiyo na ujuzi imeua wanyama wengi.

Dawa ya minyoo: mtoto wa mbwa aanze akiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili hadi afikishe miezi mitatu, halafu kila mwezi hadi miezi sita, kisha kila miezi mitatu maisha yake yote. Mama apewe siku moja na watoto. Dozi ni kwa uzito, kwa hiyo mpime: panda kwenye mizani ukiwa umembeba, toa uzito wako.

KICHAA CHA MBWA, DUA NA SINDANO

Hapa hatutafuni maneno. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka, kwa mbwa na kwa paka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na karibu na siku hiyo kampeni za chanjo hufanyika katika maeneo mengi. Muulize afisa mifugo wa kata mapema, na cheti kihifadhi pamoja na kadi za kliniki za watoto. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Ukimchanja wako umemlinda pia mtoto wa mtu usiyemfahamu kule Nkuhungu au Chamwino, na sijui amri ya kumpenda jirani inatimizwaje kirahisi zaidi ya hapo.

Mtu akiumwa, akiparuzwa, au mate ya mnyama yakigusa kidonda: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Usipake ndimu, pilipili, tumbaku wala kahawa. Siku hiyohiyo nenda kituo cha afya, na sindano zote za ratiba zimalizwe hata kama kidonda kimepona. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa bila kuhatarisha mtu, afungiwe siku kumi chini ya uangalizi wa afisa mifugo. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, hakuwa akitoa virusi siku alipouma.

Omba, omba sana, lakini ukiwa kwenye foleni ya sindano. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kuogopa maji, kukabwa koo, kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa. Kati ya siku ya kuumwa na siku ya dalili kuna wiki kadhaa ambazo mtu anajiona mzima, na ndizo zinazopotezwa kwenye maombezi ya zamu au kwa mganga. Kiongozi wa dini anayempokea mtu aliyeumwa na mbwa amuulize kwanza kama ameshachomwa.

UZAZI

Jike huingia joto karibu mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba siku 63 hivi, huzaa watoto wanne hadi wanane. Baada ya hapo yanafuata yale yanayofanyika gizani: gunia, korongo, jalala. Wapo waumini wanaokataa kuhasi wakisema ni kuingilia kazi ya Mungu. Msimamo huo unaheshimika kwa mtu aliye tayari kulisha kila mtoto atakayezaliwa. Asiye tayari ana njia mbili. Ya kwanza ni kuhasi kwa daktari wa mifugo, kuanzia miezi sita, kwa ganzi kamili na dawa ya maumivu baadaye. Wa kuhasi dume kwa wembe wa mtaani afukuzwe. Ya pili ni kumfungia jike siku 21 tangu damu ya kwanza, ndani ya chumba chenye mlango wa kufunga. Uzio wa michongoma hauzuii madume, na siku za hatari zaidi huanza damu inapopungua, wakati ambao watu hudhani imekwisha wakamfungulia. Watoto wasitolewe kwa mama kabla ya wiki nane.

MWISHO WAKE

Mbwa mzee asiyeweza kusimama, asiyekula, anayelia akiguswa, daktari anaweza kumchoma sindano akafa bila maumivu. Sumu ya panya na rungu ni mateso. Tunajua wapo wanaoona ni bora kumwachia Mungu. Basi wasimwache juani na inzi, wamgeuze kila saa chache, wamlainishie midomo kwa maji, wamtandikie gunia kavu.

Mzike kwa kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima angalau mita 30, na uweke mawe juu kabla ya kufukia juu kabisa, maana fisi wa pembezoni mwa mji na mbwa wa mitaani hufukua. Kama alikufa kwa kuhara damu na kutapika, hasa akiwa mtoto, huenda ni parvo, na virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi. Choma matandiko. Sugua banda na vyombo kwa sabuni kwanza, kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji, iache dakika kumi kabla ya kusuuza. Mtoto mwingine asiletwe kwenye uwanja huo kwa mwaka mmoja, isipokuwa ameshamaliza chanjo zake za parvo: ya kwanza kati ya wiki ya sita na ya nane, kisha kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita.